Injini yetu ilizama Ziwa Victoria, karibu na Dunga, Kisumu: siku tatu za kuitafuta na jinsi tulivyoitoa (uzi mrefu)

#1 mama_wa_boti

Wadau wa ziwa, hamjambo. Wiki mbili zilizopita niliingia humu usiku nikiuliza kama kuna mtu amewahi kutoa injini ya boti chini ya maji. Pole nilizipata nyingi na nazishukuru, lakini njia sikuipata. Sasa injini imetoka, imefunguliwa, imewaka, na jana imerudi ziwani. Nayaandika yote, tuliyoyakosea na tuliyoyapatia, ili atakayepatwa kesho asianzie pale nilipoanzia mimi.

Boti ni ya mbao, futi 28, kazi yake omena (dagaa) na mara mojamoja mizigo. Injini ni Yamaha ya farasi 15, ile ya kuvuta kwa kamba. Nilikopa kwenye chama na mkopo haujafika hata nusu. Kijana aliponipigia simu saa kumi na mbili asubuhi akasema, "Mama, mashine imeingia maji," nilidhani anasema imelowa. Akanyamaza, kisha akasema, "Mama, haiko kwenye boti."

Walikuwa wanarudi, kunaanza kupambazuka. Upepo wa nchi kavu ulikuwa umeyasukuma magugu maji kutoka ufuoni, wakajikuta katikati ya kisiwa kizima cha magugu. Nahodha akatia rivasi ajitoe. Wanaozijua hizi mashine wanafahamu kwamba ukitia rivasi injini hutaka kujiinua, na ndani ya magugu kulikuwa na gogo. Propela ikapiga gogo, injini ikaruka. Zile skrubu mbili za kubana kwenye ubao wa tezi zilikuwa zimelegea kwa mtikisiko wa usiku kucha, na hakuna aliyezikaza tena tangu jioni. Kamba ya usalama, ile ya kuifunga injini kwenye boti ili hata ikichomoka isiende chini, haikuwepo. Ilikatika mwezi wa nne nami nikasema nitanunua nyingine. Hilo ni langu, vijana wasilaumiwe.

Waliobaki nacho ni mpira wa mafuta uliokatika, na kwenye kifundo cha mkono wa nahodha ile kamba nyekundu ya kuzimia injini, bado inaning'iniza kipande chake cha plastiki. Ikumbukeni hiyo kamba, nitairudia.

Sasa dakika za kwanza, maana hapo ndipo mambo yote yalipoharibika. Mapovu yalipanda, halafu mafuta yakaja juu yakatanda kwa rangi za upinde wa mvua. Wote watatu waliyaona. Mmoja akajirusha majini palepale. Wa pili akaanza kuita boti nyingine. Wa tatu akatafuta simu, ikawa haina chaji. Hakuna aliyetupa nanga. Boti haina injini, upepo unaisukuma, magugu yanaikokota, na yale mafuta nayo yanatembea. Kijana alipoibuka na tope mkononi, boti ilikuwa imeshasogea, na kila mmoja akaonyesha upande wake: hapa, hapana, pale.

Nilikuja kulielewa siku tatu baadaye. Injini haikupotea. Ilikuwa palepale ilipoangukia, kitu cha kilo thelathini na kitu kikiwa kwenye tope hakina pa kwenda. Tulichopoteza ni mahali. Na mahali tungepashika kwa sekunde kumi tu. Boti ya omena imejaa vitu vya kupashika: nanga, mawe, maboya ya wavu, majerikeni. Ungetupa chochote chenye kamba, uzito chini na boya juu, kazi ingeisha asubuhi ileile.

Naendelea chini, naandika kwa simu.

#2 mvuvi_usenge

Pole sana mama. Hilo la kutupa boya ni kweli tupu. Huku kwetu Usenge tuna jerikeni ya lita tano, kamba ya mita 30 na jiwe, vimefungwa pamoja na vimewekwa chini ya ubao wa tezi, havitumiki kwa kazi nyingine. Kitu kikianguka mtu haongei, anarusha. Hata mtu akianguka usiku tunarusha hiyohiyo, kwa sababu usipopajua pale alipoangukia utazunguka hadi asubuhi.

#3 boti_naivasha

Mama, pole. Mimi naendesha boti za watalii huku Naivasha. Kwa nini hamkutumia sumaku? Siku hizi zinauzwa zile zenye nguvu za kufunga kwenye kamba, watu wanavua vyuma nazo.

#4 mama_wa_boti

@boti_naivasha tuliijaribu, jirani alituazima. Ilituletea kipande cha nondo, kopo, na rimu ya baiskeli ambayo sijui ilifikaje huko. Baadaye fundi akanieleza: mwili wa injini ni alumini, na propela yetu pia ni alumini. Sumaku haishiki alumini hata kidogo. Chuma kipo, lakini kimefichwa ndani ya huo mwili, na sumaku haikifikii vizuri. Unaweza kuipitisha juu ya injini yenyewe usihisi kitu, halafu ukaamini kwamba hapo hakuna kitu. Hilo ndilo baya lake: inakudanganya. Nanga ikipotea, itumieni. Kwa injini na propela msipoteze siku.

#5 mama_wa_boti

Siku ya kwanza.

Jambo la kwanza nililofanya, na hili nililipatia, nilikwenda kwa BMU, kamati inayosimamia ufuo wetu, nikaandikisha: injini ya aina gani, namba yake, imezama saa ngapi, upande gani. Mnajua wizi wa injini ulivyo ziwani. Nilitaka akitokea mtu ameinasa kwa wavu wake ijulikane ni ya nani, na sisi tukionekana tunaitoa majini tusije tukashikwa kuwa wezi.

Baada ya hapo ikawa vurugu. Vijana wa ufuo walikuja kama kumi na wawili, kila mmoja na moyo wake mwema, wakaanza kuzama. Nani amezama wapi, hakuna anayejua. Mmoja anaibuka anasema hapa hakuna, na dakika tano baadaye mwingine anazama palepale. Maji ya Winam, ghuba yetu hii, mnayajua: ya kijani, mazito, ukinyoosha mkono huoni vidole vyako. Kina tulikipima kwa jiwe na kamba, mita tano na kidogo. Mita tano si nyingi ukizisema. Ila mtu akifika chini ana sekunde chache za kupapasa gizani, tena tope ni laini kama uji, mkono unaingia hadi kwenye kiwiko kabla hujajua kama umefika chini.

Saa tisa kijana mmoja, mtoto wa jirani yangu, akaibuka damu inamtoka puani. Akasema si kitu. Nikamwangalia usoni, nikawatoa wote majini. Injini ina bei. Yule mtoto mama yake ni rafiki yangu.

#6 mzamiaji_pwani

Dada, ulifanya jambo la maana sana kuwatoa. Mimi nazamia kwa kazi huku Mombasa, niruhusu niongeze kidogo.

Damu ya puani mara nyingi ni mgandamizo. Masikio na mianya ya uso huanza kubanwa mapema mno, mita mbili tu unahisi. Mtu azibane pua apulize taratibu kuanzia mwanzo wa kushuka, asingoje maumivu. Mwenye mafua asizame kabisa.

La pili ndilo linaloua. Vijana hupenda kuvuta pumzi nyingi za harakaharaka kabla ya kuzama, wakidhani wanajaza hewa. Hawajazi chochote cha maana, wanachofanya ni kuitoa ile hewa chafu ambayo ndiyo humpa mtu hamu ya kupumua. Hamu ikichelewa, hewa safi inamwishia ndani ya mwili naye hajisikii vibaya, kisha anazimia kimya akiwa chini au anapokaribia kuibuka. Hapigi kelele, hatapatapi. Kwa hiyo: pumzi mbili tatu za kawaida, mmoja anazama na mwenzake yuko juu anamhesabia, na akitoka anapumzika angalau mara mbili ya muda aliokaa chini. Kamwe wasizame wawili kwa pamoja.

Na mkipata mzamiaji wa mtungi kutoka huku pwani, mwambieni mapema kwamba Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Majedwali yetu ya kawaida ya kuzamia, yale ya kina na muda wa kukaa chini, ni ya usawa wa bahari. Kuanzia mita 300 hivi hesabu hubadilika.

#7 mama_wa_boti

Asante @mzamiaji_pwani. Hilo la pumzi za haraka walikuwa wakilifanya wote, na wakifundishana.

Siku ya pili hatukuingia majini kabisa, na ndiyo siku iliyoleta injini.

Kuna mzee mmoja ufuoni, ameacha kuvua miaka mingi, hukaa chini ya mkuyu akishona nyavu za watu. Nilikwenda kumsalimia tu. Akaniambia, "Nyathina (mwanangu), jana mmetafuta nini?" Nikasema, injini, jaduong' (mzee). Akasema, "Hapana. Jana mlikuwa mnaogelea. Niletee wale watatu, mmoja mmoja."

Aliwaweka mbalimbali wasisikilizane. Akamwita nahodha kwanza, na hakumuuliza injini ilianguka wapi. Alimuuliza, "Iliporuka, macho yako yalikuwa wapi?" Kijana akasema alikuwa amegeuka anaitazama injini. "Nyuma ya injini kulikuwa na nini?" Maji. "Na nyuma ya maji?" Kijana akafumba macho, akakaa muda, akasema kulikuwa na ile taa nyekundu ya mnara kule kwenye vilima vya Riat, na ilikuwa imekaa juu ya ncha ya Hippo Point, kabisa, kama mtu ameisimamisha pale. Mzee akachora mstari mchangani.

Wa pili, aliyekuwa akiita boti nyingine, alikuwa anatazama ufuoni. Aliona nini? Mti. Mti gani? Huu mkuyu tulio chini yake. Ulikuwa peke yake? Akafikiri. Akasema nyuma yake kulikuwa na tangi la maji la shule, na mkuyu ulikuwa umelifunika nusu, nusu ya kushoto inaonekana. Mzee akachora mstari wa pili, ukakata wa kwanza.

Wa tatu ndiye aliyejirusha majini. Huyo alitaka kusema mengi, maskini, kwa sababu yeye ndiye aliyegusa tope. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, akamshika bega, akamwambia, "Wewe ulizama, lakini boti ilikuwa imeshakwenda. Ulikotoka wewe siko iliko injini."

Kisha akauliza upepo. Alfajiri upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, kila mvuvi anajua, ni mchana ndipo unapogeuka ukaja kutoka ziwani. Maana yake boti ilisukumwa nje. Na siku nzima ya kwanza sisi tulitafuta pale boti ilipokutwa na wenzake waliokuja kuivuta! Akaichora boti, akauchora upepo, akapiga fimbo pale mistari ilipokutana, mbali kabisa na tulikokuwa, karibu zaidi na ufuo. Nikahisi miguu imeisha nguvu.

Alama mbili zilizopangana kwa upande mmoja, alama mbili kwa upande mwingine. Baba zetu walirudi kwenye nyavu zao kwa njia hiyo kabla simu hazijazaliwa, na vijana wangu walikuwa nayo kichwani bila kujua. Ila muwaulize watu wenu siku hiyohiyo au kesho yake, kabla hawajaanza kusimuliana. Wakishasimuliana wote wataona kitu kimoja.

#8 mama_wa_boti

Siku ya tatu, alfajiri, tukatoka na mzee kwenye boti ya kuazima, kwa sababu ile taa nyekundu huonekana vizuri kukiwa na giza. Tulikwenda taratibu na tochi, saa hizo viboko bado wanarudi majini kutoka malishoni na pale mafunjoni ni kwao. Nahodha akasimama omo. Taa juu ya ncha, bado, bado, sasa. Mwenzake anatazama mkuyu na tangi. Mzee akasema "tupa," jiwe likaenda na boya. Tukarudi ufuoni tukanywa chai, tukangoja jua litoke.

Kutafuta kwenyewe tulifanya saa tatu hadi saa sita, kabla upepo wa ziwani haujaamka. Boti mbili zikipigwa kasia, zimeachana kama mita kumi, katikati yao kamba ndefu ambayo tumeifunga vipande vya mnyororo ili ilale chini. Zinakwenda pamoja polepole, kamba inaburuta tope. Tulianza nje kidogo ya boya tukapita hadi upande wa pili, tukasogea, tukarudi, kama mtu anayelima shamba. Kamba ikinasa, mtu anashuka kwa kuishika kamba yenyewe, hapapasi ovyo. Mmoja tu, mwenzake juu anahesabu.

Mara ya kwanza ilinasa wavu wa zamani. Mara ya pili gogo, labda ndilo lile lenyewe. Mara ya tatu kamba ilishika ikaachia yenyewe. Mara ya nne, hatua kama kumi na tano kutoka kwenye boya la mzee, ilishika ikakataa kabisa.

Akashuka nahodha. Tulikuwa tumekubaliana: ukipata, vuta kamba mara tatu. Mimi nilikuwa nimeishika. Nilihesabu hadi kumi na nane. Kamba ikavutika mara moja, mara mbili, mara tatu.

Alisema baadaye kwamba imesimama kichwa chini, kichwa kizima kimezama kwenye tope na mguu uko juu. Alichokigusa kwanza ni propela. Hakuamini, akayahesabu mabawa kwa vidole: moja, mawili, matatu. Akarudia kuhesabu.

#9 baharia_mstaafu

Mama, nimesoma uzi huu kwa moyo wangu wote. Nilifanya kazi kwenye meli miaka mingi, nimekaa bandari za baridi za Ulaya ya kaskazini, sasa nimestaafu niko Nakuru. Huko tulidondosha vitu majini vilevile, propela, spana, mara moja pampu nzima, na kutafuta kwenyewe ni kwa njia hiihii, alama na kamba. Kinachotofautiana ni maji.

Huko hakuna kijana wa kujirusha. Maji ya digrii tano au sita mtu akiyaingia ghafla, mwili unashtuka, anahema bila kutaka, na akihema kichwa kikiwa chini amekunywa maji. Tulifundishwa hesabu ya 1-10-1. Dakika 1 ya kuituliza pumzi, usifanye jambo lingine lolote. Dakika 10 hivi ambazo mikono bado inakutii, baada ya hapo vidole haviwezi hata kufunga fundo. Na saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Kwa hiyo kitu kikianguka kwenye bandari ya baridi kwanza unajaribu kulabu ukiwa juu, halafu unamwita mzamiaji mwenye suti kavu. Kama ni propela tu, wengi huagiza mpya.

Nawaambia hivi kwa sababu vijana wetu wanadhani ziwa letu halina baridi.

#10 mama_wa_boti

Mzee wangu @baharia_mstaafu, asante sana, na baridi tuliiona. Maji ya kwetu ni ya digrii ishirini na kitu, ukiweka mkono unasema ni vuguvugu. Lakini mwili una digrii 37, na maji hunyonya joto haraka kuliko hewa mara ishirini na zaidi. Siku ya kwanza, kijana aliyekaa majini kama dakika arobaini alitoka anatetemeka hadi meno yanagongana, jua linawaka. Kwa hiyo siku ya tatu tuliweka zamu: dakika ishirini, unatoka, unavaa kitu kikavu, unakunywa uji wa moto, na hurudi hadi mwenzako amalize zamu yake. Sufuria ya uji niliipanda nayo kwenye boti.

Sasa kuinua. Kwanza tulikosea. Tulifunga kamba vizuri, tukavuta wanne upande mmoja wa boti. Injini haikutikisika, ubavu ukalala, maji yakaingia. Tope hushikilia kitu kama mtoto anyonyavyo titi la mama, ukivuta moja kwa moja linakaza zaidi. Mzee akatupigia kelele kutoka boti ya pili tuache.

Tukazileta boti mbili sambamba, tukaacha nafasi ya hatua moja katikati, tukalaza mti wa mkaratusi juu ya zote mbili. Kamba ya injini ikapanda katikati, ikazungushwa kwenye mti. Vijana wawili wakauzungusha mti kwa mipini, robo, robo, na kila robo tunaacha kidogo. Uzito unagawanyika kwa boti zote mbili, hakuna inayolala. Kamba ilikuwa inalia. Tukakaza, tukaacha mawimbi madogo yafanye kazi, boti zikipanda zinavuta, zikishuka zinalegeza. Dakika kama kumi hakuna kitu. Kisha boti zote mbili zikaruka kwa pamoja na mapovu meusi yakatoka, harufu ya tope la zamani. Imeachia.

Mfunge wapi? Si kwenye kifuniko cha juu, kile kina kishikio kidogo tu na kitabaki mkononi mwenu injini ikarudi chini. Tulipitisha kamba kwenye chuma cha kubania na tukazungusha tena kwenye mguu juu ya propela.

#11 mzamiaji_pwani

Mti na boti mbili ni njia safi sana. Kwa wasio na boti ya pili: jerikeni ya lita 20 iliyojazwa hewa huko chini huinua kama kilo 20. Injini yenye kilo 36 juu ya ardhi, ndani ya maji hupungua, kwa sababu alumini si nzito sana. Majerikeni mawili hutosha kuielesha. Unayashusha yakiwa yamejaa maji, mdomo chini na wazi, unayafunga, halafu unasukuma hewa kwa mpira na pampu ya tairi ukiwa kwenye boti. Kaa mbali na pale itakapoibukia, huja kwa kasi. Mdomo usizibwe, hewa hupanuka inapopanda.

#12 fundi_wa_mbita

Mimi ndiye fundi ambaye mama alinipigia. Naomba nieleze kwa nini nilimwambia asiitoe majini hadi fundi awe tayari kuifungua, maana watu wa ufuoni walimwona kama amerukwa na akili.

Chuma kikiwa chini ya maji ya ziwa hakipati hewa nyingi, kutu huenda polepole. Kikitoka kikiwa kimelowa, hewa na unyevu vinakutana, na ndani ya saa chache beringi na kuta za silinda zinaanza kushika kutu. Injini iliyokaa chini siku tatu ikatolewa na kufunguliwa papo hapo ina nafasi kubwa kuliko iliyokaa chini saa moja halafu ikaachwa juani wiki nzima ikisubiri pesa ya fundi. Nimeziona nyingi za namna hiyo, zimegandana. Baharini ni vibaya zaidi kwa sababu ya chumvi. Sisi tuna bahati ya maji yasiyo na chumvi.

#13 mama_wa_boti

Ndivyo ilivyokuwa. Tuliiacha ikining'inia chini ya maji katikati ya boti mbili, tukapiga kasia taratibu hadi ufuoni, kisha ikaingia kwenye pipa lililojaa maji, pipa likapanda tuktuk. Dereva aliniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Fundi mwenzake wa hapa Kisumu alikuwa ameshatandika gunia, akiongozwa kwa simu. Maji safi kwanza, nje na ndani, hadi tope lote litoke. Plagi zote mbili zikatolewa, injini ikageuzwa matundu yake yatazame chini. Halafu akashika kamba ya kuvutia, akavuta kidogokidogo, si kwa nguvu. Hapo nilishindwa kutazama. Akasema, "Mama, inazunguka." Maji ya kijani yakatoka kwenye matundu, yakafuatiwa na maji safi.

Akanieleza kwamba injini ikizama inanguruma humeza maji, na maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo fimbo ya pistoni hupinda. Kama kamba ingekataa kuvutika angeacha palepale na kufungua yote, maana ukilazimisha unavunja. Yetu haikumeza. Ile kamba nyekundu kwenye mkono wa nahodha ilichomoka injini iliporuka, ikaizima kabla haijagusa maji. Vijana wengi hawaivai, huitundika kwenye mashine kama pambo. Nahodha wangu huivaa kwa sababu marehemu baba yake alimzoesha.

Baadaye akamimina mafuta taa kwenye matundu ya plagi, akazungusha, akamwaga, akarudia, kisha oili. Kabureta ikafunguliwa yote. Oili ya giaboksi ilikuwa imekuwa nyeupe kama maziwa, ikamwagwa, sili ikabadilishwa. Plagi mpya, petroli mpya na oili. Iliwaka mara ya sita, moshi ukajaa kibandani. Aliiacha ingurume ndani ya pipa karibu saa nzima ili joto likaushe kila kona.

Gharama: fundi, sili, plagi, kuazima boti, uji na chakula cha watu. Ilikuja chini sana ya bei ya injini hata ya mtumba. Mzee alikataa pesa. Alikubali samaki wawili, ngege, tena akachagua wadogo.

#14 muuguzi_homabay

Naomba wale vijana wote waliozama wasikose hili. Kichocho kipo ziwani, na ufuoni kwenye majani na konokono ndiko kiliko zaidi. Dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa, kwa hiyo wapimwe baada ya wiki sita hadi nane, si wiki hii. Andikeni tarehe, mtasahau.

#15 mama_wa_boti

Nimeandika tarehe, asante dada. Wote kumi na wawili nitawapeleka mwenyewe.

#16 kasia_moja

Shikamoo mama. Mimi niko Mbita, leo asubuhi nimepoteza propela tu, injini ipo. Ilitoka nikiwa natembea, kile kipini cha miguu miwili kinachozuia nati nadhani kilikatika. Kina ni kama mita nane. Kuna jamaa ana sumaku. Nianzie wapi?

#17 mama_wa_boti

Marahaba mwanangu. Sumaku mrudishie, propela ni alumini. Propela ni ndogo na nyepesi, kamba ya kuburuta inaweza kuipita juu, kwa hiyo itabidi uchore mraba mdogo sana wa kutafuta, na mraba mdogo hutoka kwenye alama nzuri. Usiende majini leo.

Ulikuwa na nani kwenye boti? Msizungumze kwanza. Kila mmoja aandike peke yake: injini ilipobadilisha sauti alikuwa anatazama upande gani, na nyuma ya kile alichokiona kulikuwa na nini. Ulipozima, boti ilitembea muda gani kabla ya kusimama? Upepo ulikuwa unatoka wapi, na ilikuwa saa ngapi? Nitumie hapa hapa. Mzee yuko chini ya mkuyu, namsomea kesho asubuhi.